Kwa nini ng'ombe wa udongo anapasuka mgongo, na yule wa kwenye daftari anafanana na meza

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la nne katika shule ya kijijini mkoani Dodoma, nina watoto 64. Muhula huu tunachora na kufinyanga wanyama. Ng'ombe wa udongo wanatoka vizuri, lakini tukiwaanika juani, kesho yake wengine wamepasuka mgongo na wengi wamekatika miguu na pembe. Nilijaribu kuweka vijiti ndani ya miguu, ikawa mbaya zaidi. Kwenye kuchora, watoto hawa ni wafugaji, wanamjua ng'ombe kuliko mimi, ila wakishika penseli wanachora meza yenye mkia. Mwenzangu ananiambia kuchora ni kipaji, nisijisumbue. Nichore ng'ombe mmoja ubaoni, wote wanakili. Tuna penseli za HB, madaftari, chaki na mkaa wa jikoni. Pesa ya rangi hakuna. Nifanyeje?"

Marahaba, Mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali penye tatizo la kipaji, sikupaona. Nimeona tatizo la maji, na nimeona tatizo la goti.

Tuanze na maji. Udongo wa mfinyanzi ni vijipande bapa vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kati ya kimoja na kingine kuna utando wa maji. Utando huo ndio unaofanya udongo ukubali kufinyangwa. Maji yakiondoka, vijipande vinasogeleana na kitu kizima kinanywea. Udongo wa kawaida wa kufinyangia hupungua kati ya asilimia 5 na 8 ukikauka, kwa hiyo ng'ombe wa sentimita 20 anapoteza sentimita moja au zaidi ya urefu wake hata kabla hajaonja moto. Kupungua huko hakuzuiliki, wala si kosa la mtu. Balaa inakuja pale sehemu moja inapopungua leo na nyingine kesho.

Mtazame ng'ombe wako aliyeanikwa saa tatu asubuhi. Pembe ni nyembamba, jua na upepo vinaipata pande zote. Ikifika saa sita imekauka na imemaliza kupungua. Kichwa kinachoibeba bado ni kibichi. Alasiri yote kichwa kinaendelea kunywea huku pembe imegoma, na pale vinapokutana ndipo panapoachia. Miguu nayo ni vivyo hivyo. Mgongoni kinachotokea ni tofauti kidogo: udongo wa juu unakauka na kubana, ilhali tumbo nene lililo chini yake bado limejaa maji na halijapungua hata kidogo. Ni kama kanzu iliyorudi baada ya kufuliwa, ukamvalisha mtu yule yule. Itapasukia mgongoni.

Sasa utaona kwa nini vijiti vilikuponza. Kijiti hakipungui. Udongo unaoukumbatia unataka kujibana, unakuta mti mgumu katikati, hauna pa kwenda isipokuwa kufunguka. Ushauri huu wa vijiti nausikia kila ninapokwenda, na nadhani umetoka kwa watu waliozoea nondo na zege. Zege halipungui kiasi hicho. Kwa udongo, toa vijiti vyote. Kama mtoto anataka pembe za miiba ya mgunga, na kweli hupendeza, atoboe tundu kubwa kuliko mwiba wakati udongo ungali mbichi, aliache tundu lenyewe likauke, kisha mwiba ubandikwe kwa gundi mwishoni kabisa.

Na kuna maji ya kulainishia. Waangalie watoto: kila mmoja ana kikopo, anachovya kidole, anapaka mgongo wa ng'ombe ung'ae. Yale maji yanalowesha ngozi ya juu tu, yanaongeza tofauti ile ile tunayoipigia kelele. Ondoa vikopo mezani. Kidole kikavu, au mgongo wa kijiko, unalainisha vya kutosha.

Kabla ya kuulaumu udongo wenyewe, ujaribu. Viringisha kamba yenye unene wa penseli, uizungushe kwenye kidole chako. Ikizunguka bila kukatika, udongo ni mzuri. Ikipasuka pasuka, una mchanga mwingi au umekauka mno. Ikizunguka vizuri kupita kiasi, inateleza na kunata mikononi, huo ni udongo mnono na ndio unaopungua sana: uchanganye na mchanga laini uliochekechwa, au bora zaidi vigae vya chungu kilichovunjika mlivyotwanga na kuchekecha. Kwa vikombe vitano vya udongo weka kimoja cha vigae, ukande mpaka hewa itoke. Hayo mabibi wafinyanzi wanayafanya siku zote bila kuyaandika popote.

Halafu badilisha namna ya kumjenga. Watoto wengi hufanya kiwiliwili, kisha wanabandika miguu minne, kichwa, pembe na mkia: viungio vinane, na kila kiungio ni ufa unaosubiri. Wafundishe kumtoa ng'ombe mzima kwenye donge moja, miguu ikivutwa kutoka tumboni kama unavyovuta chuchu. Miguu iwe mifupi na minene. Hata ng'ombe wa kuchezea ambao watoto wa wachungaji hufinyanga machungani huwa na vigutu tu vya miguu, uzuri wote umewekwa kwenye nundu na pembe, na wale watoto hawakukosea. Panapolazimu kuunga, pakwaruzwe pande zote mbili kwa mwiba, papakwe uji mzito wa udongo ule ule, pasukumwe na kuzungushwa kidogo hadi uji utoke pembeni. Tumbo likizidi unene wa vidole viwili, lichotwe kwa chini kwa kijiko libaki na uwazi. Na kumbuka kuna ng'ombe aliyelala. Anacheua, miguu imekunjwa chini yake, hana cha kukatika.

Kuanika ni kivulini, ndani ya darasa, siku mbili za kwanza mkiwa mmewafunika kwa mfuko wa plastiki au gunia lenye unyevu. Pembe zizungushiwe kitambaa kibichi. Siku ya tatu fungua kidogo, ya nne zaidi, na mpe wiki nzima. Najua ratiba ya vipindi haipendi kusubiri. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini sikusubiri: niliwapanga fisi wa darasa zima kuzunguka jiko la mkaa ili wawahi siku ya wazazi. Maji yaliyobaki ndani yakawa mvuke, na mvuke hauombi njia. Walipasuka mmoja mmoja kama bisi, na vipande vikatua kwenye sahani ya wali ya mwalimu mkuu.

Ndiyo maana kuhusu kuchoma nakushauri usijaribu peke yako uwanjani. Udongo unageuka kuwa kigae, yaani kitu kisichorudi kuwa tope, ukifikia nyuzi joto 600 hivi, na njia ya kufika huko ina hatari kwa watoto 64 wenye shauku. Kama kijijini au tarafani kuna mfinyanzi, mwombe akuwekee ng'ombe wako kumi bora kwenye tanuri lake siku anapochoma vyungu. Wasiochomwa wataishi miaka mingi tu rafuni, mradi hawanyeshewi.

Sasa goti, ambalo ndilo hasa nililotaka kulisemea.

Mtoto wa miaka tisa au kumi anapochora ng'ombe hamchori ng'ombe, anaandika anachokijua juu yake. Ana miguu minne, kwa hiyo minne yote inapangwa mstari mmoja. Ana tumbo, basi ni boksi. Ana mimba? Utamwona ndama tumboni kama kwenye kioo. Haya si makosa, ni umri, na usiyapige mkasi mwekundu. Yule aliyechora ndama ndani ya tumbo ana akili nzuri. Lakini umri wa darasa la nne ndipo mtoto mwenyewe anapoanza kutoridhika. Anatazama mchoro wake, anatazama zizini, anaona havifanani, na hajui kimekosekana nini. Hapo ndipo wengi wanaposema "mimi sijui kuchora" na hawarudii tena maishani. Mwenzako naye, nadhani, aliachia hapo.

Kinachokosekana mara nyingi ni kitu kimoja: mguu wa nyuma. Simama wima, Mwalimu, uushike mguu wako. Paja, goti, ugoko, kisigino, unyayo, vidole. Ng'ombe anavyo vyote hivyo, kwa mpangilio huo huo, ila anatembea kwa ncha za vidole viwili, na kwato ni kucha zake. Kile kiungo kilichochongoka nyuma katikati ya mguu, ambacho kila mtu anakiita goti lililopinda kinyume, ni kisigino. Goti lake halisi liko juu, karibu na tumbo, limefunikwa na ngozi ya ubavu, na linapinda kwenda mbele kama lako. Mbele nako ni hivyo: tunachokiita goti ni kifundo cha mkono, na kiwiko kimebanwa kifuani. Mtu anayekunywa supu ya makongoro anakula mguu kuanzia chini ya hapo, yaani kiganja na vidole. Waambie watoto hilo, hawatalisahau.

Kisha uwatoe nje. Tafuta ng'ombe mpole, mwenyewe awepo na amshike kamba. Lowesha chaki nyeupe, umwekee alama nne: kiwiko, kifundo cha mkono, goti, kisigino. Ng'ombe mwekundu au mweusi anafaa. Kiwiko na kisigino utaviona kwa macho. Goti litafute kwa kiganja, papasa mkunjo wa ngozi unaoshuka kutoka ubavuni kwenda mguuni, utasikia mfupa mgumu wa mviringo ukicheza ng'ombe akihamisha uzito. Weka alama hapo. Akianza kutembea, watoto waziangalie alama tu. Utasikia kelele. Alama ya goti inakwenda mbele, ya kisigino inabaki nyuma, mguu unakunjika mara mbili kama kiti cha kukunja, na meza imekufa pale pale. Mtoto mmoja apige magoti kando yake kisha ainuke asimame kwa vidole vya mikono na miguu, wenzake wamlinganishe na ng'ombe. Watacheka sana. Acha wacheke.

Wachungaji wako wana maarifa mengine ambayo hayajawahi kuombwa darasani. Uliza: ng'ombe akiinuka, anaanza na nini? Mikono yote itapanda juu: nyuma kwanza. Na punda? Mbele kwanza. Uliza sikio liko juu ya pembe au chini. Uliza unamjuaje ndama kwenye picha kama hakuna mkubwa wa kumlinganisha naye. Hapo watanyamaza kidogo, halafu atatokea mmoja aseme ana miguu mirefu kuliko mwili wake. Huyo ameshajua uwiano kabla hujamfundisha neno lenyewe.

Wakianza kuchora, wasianze na mstari wa nje. Waanze na uzito: kiwiliwili ni gunia la mahindi lililoning'inizwa kati ya nguzo mbili. Sijazidisha: ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa unaounga bega na kifua, mifupa ya mabega yake imeshikwa na misuli tu, kwa hiyo kifua kweli kinaning'inia katikati ya miguu ya mbele. Laza kipande cha mkaa, uburute ubavu wake, gunia limepatikana kwa mkono mmoja. Ongeza nundu, shingo, kichwa. Halafu miguu, na hapa kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote: wasiangalie mguu, waangalie dirisha. Kati ya tumbo, miguu na ardhi kuna uwazi wenye umbo lake. Wachore umbo la uwazi huo. Jicho halina jina la kuuita uwazi, basi linalazimika kuuona ulivyo.

Penseli ya HB ni ngumu kwa kazi hii, inamwita mtoto kwenye vistari vya woga na ufutio. Iweke kando kwa wiki mbili. Uwanja wa mchanga na kijiti vinatosha watoto 64 kwa mpigo, na kosa linafutwa kwa mguu. Baadaye nenda kwenye mkaa. Wa jikoni unakwaruza karatasi, kwa hiyo tengenezeni wenu: vijiti laini vya unene wa penseli, vimemenywa gome, vipangwe ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari mmoja, liwekwe motoni. Moshi utatoka tunduni; ukikoma, liondoe na uliache lipoe kabisa kabla ya kufungua, la sivyo vitawaka. Karatasi ni migongo ya kalenda za mwaka jana. Rangi unayo: udongo mwekundu uliosagwa na kuchekechwa, chokaa, masizi, ukichanganya na kiini cha yai au gundi ya mgunga iliyoloweshwa. Ila nyeusi ya betri kuukuu, ambayo nimewahi kuiona ikipakwa hata kwenye mbao za shule, usiiguse. Ule unga una manganisi, na kuuvuta kwa pua si jambo la mchezo.

Nirudi kwa mwenzako na ubao wake. Sitamkatalia moja kwa moja, maana kunakili kumelea mafundi wakubwa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwenye hardibodi, kwa rangi za mafuta za madukani. Alifariki mwaka 1972, na waliobaki, ndugu na wanafunzi wake, walijifunza kwa kutazama na kunakili. Chui wake hawafuati mfupa hata mmoja na bado ni chui. Kwa hiyo ng'ombe wa bluu mwenye madoa asipewe sifuri. Lakini kunakili kunafundisha namna mtu mwingine alivyotatua tatizo, na kunamfaa mtoto ambaye tatizo hilo ameshakutana nalo. Mtoto aliyehangaika na pembe mbili, moja ikiificha nyingine, ataangalia mchoro wako ubaoni na kusema "kumbe!" Asiyehangaika ataona mistari tu. Basi chora ubaoni, ila baada yao, si kabla. Na picha yako isiwe moja.

Kuhusu kipaji, wapo watoto wenye mkono mwepesi, sikatai. Lakini wachoraji waliobobea wa Ulaya kwa vizazi walichora farasi akikimbia huku miguu minne imetanuliwa mbele na nyuma, hadi mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipompiga picha mfululizo farasi huko California na ikaonekana kuwa wakati kwato zote ziko hewani, miguu imekusanywa chini ya tumbo. Vipaji walikuwa navyo. Hawakuwa wameona.

Ninyi mko mkoa mmoja na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukipata gari, wapeleke Kolo. Kuna wanyama pale, twiga wakiwemo, waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo na mikono iliyowatazama wanyama hao kwa muda mrefu. Piteni ofisi ya mambo ya kale mpewe mwongozaji, na asiwepo wa kugusa wala kumwagia maji ukuta ili picha "itoke vizuri".

Yako machache yanayotaka mtu wa ana kwa ana. Mtoto anayesogeza daftari hadi puani, au asiyeweza kukuambia ni ng'ombe yupi ana pembe upande wa pili wa uwanja, apelekwe kupimwa macho hospitali ya wilaya. Nimewahi kumwita mvivu mtoto aliyekuwa haoni. Mtoto anayechora jambo lile lile la kutisha wiki baada ya wiki, usimpe maana kwa mchoro mmoja wala usimhoji mbele ya wenzake. Kaa naye, kisha mshirikishe mwalimu wa unasihi au afisa ustawi wa jamii. Na udongo ukichimbwa lamboni, achimbe mtu mzima ukingoni, watoto wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Vumbi la udongo mkavu darasani lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe.

Wale ng'ombe waliokwisha kupasuka usiwatupe. Maadamu hawajachomwa, ni udongo bado. Subiri wakauke kabisa, kwa sababu kilicho kikavu hunywa maji na kumeguka upesi kuliko kilicho nusunusu, kisha waponde, uwaloweke kwenye ndoo usiku kucha bila kukoroga. Asubuhi mwaga maji ya juu, tandaza tope kwenye gunia hadi liache kunata mikononi. Jumatatu ijayo mtakuwa na udongo wa kufinyanga kundi jipya, safari hii walale.